Jiko la mkaa libaki Uyole: kwa mwalimu anayetaka kulala msituni Rungwe

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mimi na wenzangu watatu tunataka kulala siku mbili kwenye msitu wa Mlima Rungwe shule zikifungwa mwezi wa sita. Tumeambiwa kuna uwazi wa kupigia hema lakini gari halifiki, unapanda kwa miguu, na hakuna choo wala bomba. Tumenunua hema la watu wanne kwa shilingi 120,000. Kwa sababu ya baridi nimefikiria tubebe jiko dogo la mkaa, tuliweke ndani ya hema usiku. Mama yangu ana hofu ya nyoka na wanyama wakali. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwalimu.

Jiko lako ndilo lililonifanya nijibu barua hii kabla ya zilizotangulia. Lisiingie ndani ya hema. Hata kwa dakika tano, hata zipu ikiwa wazi, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa pa kukaa. Mtu huumwa kichwa kidogo, huona usingizi mtamu, akalala moja kwa moja. Sisi wa nyanda za juu hatuhitaji kuhadithiwa; baridi ya Juni na Julai haipiti bila kusikia habari ya watu waliolala na jiko chumbani. Na chumba cha tofali angalau kina upenyo chini ya mlango. Hema lililolowa halina. Kitambaa kikishajaa maji, hewa haipiti.

Sasa utauliza joto litatoka wapi. Litatoka mwilini mwako, hakuna pengine. Blanketi halina joto lake lenyewe, wala hema. Kazi ya vyote ulivyobeba ni kulizuia joto lako lisitoroke, na njia kubwa linayotorokea ni chini, kwenye ardhi uliyolalia. Watu wengi wakisikia baridi hujifunika zaidi. Wanarundika blanketi juu na chini wanatandika salfeti, halafu wanashangaa ubavu umekufa ganzi. Kama una blanketi mbili na huna kingine, moja ilale chini yako.

Kwa hiyo fedha iliyobaki baada ya hema uitumie kwenye cha kulalia kwanza. Tafuta godoro la sponji kuukuu, mkate vipande vya unene wa sentimita tatu hivi, kila mtu na kipande chake kutoka mabegani hadi magotini. Miguu italala juu ya begi. Chini ya sponji weka katoni zilizokunjuliwa, zile za madukani; ni nyepesi na zinazuia baridi vizuri mno, mradi zisilowe. Mfuko wa kulalia, ule ambao wauza mitumba wanauita slipingi begi, utaupata soko la Mwanjelwa ukiwa na subira ya kuamka mapema siku ya kufungua robota. Ushike ndani kwa vidole uone kama umebaki na unene. Ulioshindiliwa ukawa kama shuka usinunue hata ukipewa kwa bei ya soksi.

Mama anaogopa nyoka, wewe unaogopa baridi, na mimi ninachokiogopa ni maji. Baridi kavu mtu huivumilia hadi asubuhi. Baridi juu ya nguo mbichi ni jambo jingine kabisa.

Nilijifunza hilo nikiwa kijana mbeba mizigo. Tulikuwa watu watano na ilikuwa kiangazi, lakini kiangazi cha Rungwe kina mvua zake. Miteremko ya kusini-mashariki ya mlima ule hupata mvua inayofikia milimita 3,000 kwa mwaka, na hata Julai wingu linaweza kukaa msituni siku nzima likidondosha manyunyu yasiyo na haraka. Mwenzangu mmoja alivaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Alilowa saa nne asubuhi akakataa kubadili, akisema nguo itakaukia mwilini. Jioni alitetemeka mpaka kikombe kikawa kinagonga meno. Kisha akaacha kutetemeka, na sisi, wajinga wale, tukafurahi tukadhani amepata nafuu. Akaanza kusema maneno yasiyoshikana, ulimi mzito kama mtu aliyeamkia komoni. Alikuwa anahangaika na zipu ya koti, na vidole havishiki. Ni mgeni tuliyembebea mizigo aliyetambua kuwa mwili wa yule kijana ulikuwa unazima. Akamvua nguo zote mbichi, akamkausha, akamtia kwenye mfuko wa kulalia, na mtu mwingine mkavu akaingia humo humo kumpasha joto kwa mwili wake. Alipoweza kumeza tukampa chai yenye sukari nyingi. Kulipopambazuka tukamshusha.

Kwa hiyo mkumbuke mpangilio wa mwili kuzima kwa baridi, maana unaweza kumpata hata mwenye nguvu kuliko wote: kwanza mtu anatetemeka, halafu vidole vinakuwa vizito, halafu maneno. Akiacha kutetemeka wakati bado yuko baridi, hali imekuwa mbaya. Msimsugue mikono wala miguu, wala msimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozini, mtu anasikia joto usoni huku lile la ndani likimtoka. Nalisema hili kwa sababu najua mmoja wenu atatoka upande wa Iringa au Njombe na atashawishika kubeba ulanzi. Ulanzi wenyewe, ukitikiswa kwa saa tano begini ndani ya chupa iliyofungwa, unaendelea kuchacha na kujaa gesi. Kizibo kikiruka, nguo zote za kulalia zitanuka kilabu.

Hapa ndipo penye sheria moja ninayoishika kuliko zote. Kila mtu awe na jozi moja ya nguo za kulalia: soksi nzito, suruali, sweta na kofia. Zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito, mfuko huo ndani ya mwingine, na zisivaliwe mpaka uko ndani ya hema usiku. Asubuhi unazivua, unarudia zile mbichi za jana. Ndiyo, inauma, na kwa dakika kumi utanichukia. Lakini ukivaa zile kavu kwenda kutafuta maji, usiku wa pili huna kitu. Nguo za kutembelea zisiwe za pamba. Pamba inafyonza maji na kuyatunza. Sweta za sufu na makoti ya manyoya laini ya mitumbani, hata yawe na nembo ya timu usiyoipenda, yanabaki na joto yakiwa mabichi.

Nipige hesabu ya baridi uione kwa macho. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi sita hivi. Mbeya mjini iko mita 1,700 na ushee, na kilele cha Rungwe kinakaribia mita 2,960. Mkipiga hema kwenye mita 2,500 mtakuwa na baridi ya zaidi ya nyuzi nne kuliko hapo kwenu usiku huo huo, na usiku wa Juni Uyole unaujua mwenyewe. Kwa kulinganisha, kule Kitulo, ambako uwanda uko juu zaidi ya mita 2,600 na hauna miti ya kuukinga, nyasi huamka nyeupe kwa sakitu miezi hiyo. Msitu angalau unafunika.

Sasa hema. La watu wanne maana yake ni watu wanne waliopangwa kama dagaa kwenye fungu, bila mabegi. Azimeni hema dogo la pili. Kwa bei uliyotaja, la kwenu huenda lina kitambaa kimoja na kikofia kidogo juu, au lina paa la nje fupi lisilofika chini. Usikate tamaa, lakini lijaribu nyumbani. Lisimamishe uani, ingia ndani, mwambie mwenzako amwage ndoo tatu za maji taratibu juu. Utaona yanapopenyea: mara nyingi ni kwenye mishono. Likikauka, paka mishono silikoni ya kuzibia madirisha, ile inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa kidole, nyembamba, iache siku nzima. Kama paa la nje ni fupi, nunua turubai jepesi mlifunge juu ya hema kwa kamba, liwe limeachana na hema kiganja kimoja au viwili. Likigusana nalo umefanya kazi bure.

Na mkiamka mkakuta matone ndani, msikimbilie kusema limevuja. Watu watatu wakipumua usiku kucha wanatoa mvuke wa zaidi ya kikombe cha maji, unakwenda kugandamana kwenye kitambaa baridi. Acheni dirisha la juu wazi. Najua, baridi itaingia. Afadhali hiyo kuliko kunyeshewa na pumzi zenu wenyewe.

Vigingi vilivyokuja na hema ni vya kuchokonolea meno. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, mweusi, laini, na ukilowa unaachia kigingi kama siagi. Mpelekee fundi wa kuchomelea akukatie nondo nyembamba, ama chonga vya mti vya urefu wa sentimita 30 ukiwa bado nyumbani. Narudia, nyumbani. Ule ni msitu wa hifadhi, umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009 na sasa uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukata fito au mianzi humo ni kosa. Kwa sababu hiyo hiyo hamwingii bila kibali. Piteni ofisi ya wahifadhi Tukuyu siku kadhaa kabla, mlipe kwa kumbukumbu namba kama malipo yote ya serikali, na muombe mwongozaji. Msijidai kwamba mna ramani kwenye simu. Ukungu ukishuka kwenye mianzi, hata mimi niliyezeeka humo nasimama.

Kuhusu mahali pa kulaza hema, mwongozaji atawapeleka kwenye uwazi, ila kona ya uwazi mnachagua wenyewe. Tazama juu kwanza, kabla hujatazama chini: tawi kavu lililoning'inia kwenye mti mkubwa ndilo mnyama hatari wa msitu ule. Kisha epuka bonde, maana hewa baridi huteremka kama maji na kutuama chini. Epuka pia kijishimo, hata kama nyasi zake ni laini na zinakuita. Kijishimo ndicho dimbwi la usiku. Wazee wetu walikuwa wakichimba mtaro kuzunguka hema. Siku hizi hatuchimbi, unaharibu ardhi na kuanzisha mmomonyoko, na mahali palipochaguliwa vizuri hapahitaji mtaro. Turubai la chini likunjwe lisitokeze nje ya kingo za hema, la sivyo litakusanya mvua na kuileta chini ya mgongo wako.

Kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, zunguka eneo lote hatua ishirini kila upande ukiangalia ardhini. Unatafuta siafu. Ukiona ule msafara mweusi, hata mwembamba kama uzi, sogea mbali. Nyoka anakukimbia, siafu wanakuja wenyewe, saa nane usiku, na wanaanza kuuma kwa pamoja wakishajaa mwilini. Wakija usibishane nao, toka na tochi, simama mbali hadi wapite. Msiache mafuta ya samaki wala makombo karibu na hema, na sufuria ioshwe hata kama vidole vinauma.

Nyoka wapo, nisikudanganye. Kuna hata mmoja wa mitini, wa kijani, ambaye wanasayansi wamempa jina la mlima wenyewe. Lakini kwenye baridi ile nyoka ni mzito na hana hamu na mtu. Vaeni viatu vinavyofunika kifundo, msitie mkono kwenye kichaka au tundu msiloliona, msikae juu ya gogo kabla ya kuligonga kwa fimbo, na viatu vilale ndani ya hema. Simba na tembo wa kumhofisha mama hawako Rungwe. Mngekuwa mnakwenda Udzungwa ningesema mengine, huko kuna tembo na nyati, na watu hutembea na askari mwenye bunduki. Rungwe mtasumbuliwa na panya wa porini watakaotoboa begi kwa ajili ya karanga, na labda nguruwe pori anayepita. Chakula kitundikwe kwenye kamba kati ya miti miwili, mbali kidogo na mnapolala.

Ila kuna sauti moja lazima niwaambie mapema. Usiku mtasikia kitu juu ya mti kikianza kama mlango unaokwaruza, kisha kinapanda, kinapanda, mpaka kinakuwa kama mtu anayekabwa koo. Ni perere, yule pimbi wa mitini, mnyama mwenye ukubwa wa sungura anayekula majani. Nimewaona watu wazima wakifunga mizigo saa sita usiku kwa ajili yake. Mweleze mama kabisa, asije akamsikia kwenye video yenu akaita mchungaji.

Na mkiwa na bahati, asubuhi mtasikia mlio mwingine, mzito, kati ya kubweka na honi ya baiskeli. Huyo ni kipunji, aina ya kima. Wanyakyusa walimtaja miaka mingi na wasomi wakadhani ni hadithi tu, hadi watafiti walipomwona mwaka 2003 wakamtangaza 2005. Mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Yupo hapo Rungwe na milima ya Livingstone, na kidogo kwenye msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, basi. Msimfuate na simu. Kaeni kimya mle uji.

Tukishafika kwenye uji: kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92, hayafiki 100. Maharage makavu mtayachemsha hadi likizo iishe. Bebeni yaliyokwisha kuiva yakaungwa na kukaushwa mchuzi, au achana nayo kabisa. Ugali unakubali, viazi vinakubali vikikatwa vidogo, wali unakubali kwa uvumilivu. Karanga, chapati, parachichi gumu litakaloivia njiani, na sukari kuliko mnavyodhani mnahitaji. Kula kitu cha mafuta kabla tu ya kulala. Mwili unachokichoma usiku ndicho kinachokupasha. Na mwenye haja ndogo aende, asijibane kwa kuogopa baridi.

Kupikia, msitegemee kuni. Za ardhini zimelowa, na moto wa wazi unahitaji ruhusa ya wahifadhi. Mtungi wa kilo sita msiubebe, ukijaa unazidi kilo kumi kwa sababu chuma chenyewe ni kizito. Jiko dogo la kopo la gesi linatosha watu wanne kwa siku mbili mkiwa na makopo matatu au manne, lakini jua kwamba gesi ya makopo mengi ni butane, nayo ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kutoka. Kopo la kupikia chai ya asubuhi lilale nawe ndani ya mfuko, pamoja na simu, maana betri nayo inakufa kwa baridi. Na kupikia ni nje ya hema, chini ya turubai. Yale niliyosema juu ya mkaa yanahusu gesi pia.

Maji ya kijito yanaonekana masafi kama kioo. Yachemsheni hata hivyo, yakishatokota yaache dakika tatu kwa sababu ya ule urefu. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua sabini au zaidi kutoka kwenye maji na njia, mkifukia vizuri. Karatasi mrudi nazo kwenye mfuko. Mwalimu, utakuwa wewe wa kulisimamia hili, nakuonea huruma.

Mpango wa safari wenyewe si mgumu. Kosta ya Tukuyu kutoka Nane Nane asubuhi na mapema, mshuke Isongole, muanze kupanda kabla ya saa tatu. Kufika saa kumi jioni hema liwe limesimama, hata kama hamjafika mlikotaka. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu lakini chini ya miti giza linatangulia. Kila mtu na tochi ya kichwani. Mtu mmoja wa kuaminika abaki Uyole na jina la mwongozaji, njia mnayopita, na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu yeye apige kwa wahifadhi. Mpe mama kazi hiyo, ataifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Wiki moja kabla, laleni uani kwenu usiku mzima na vifaa hivyo hivyo, bila kuingia ndani hata mara moja. Mtakachokikosa saa tisa usiku, kiandikeni.

Na wauza viazi wa Isongole watawazonga mkishuka kwenye gari. Viazi vyao ni vizuri, sina ugomvi navyo, lakini nunueni mkiwa mnarudi.